Malengelenge ya njia ya Dagahaley
Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa, ilifunguliwa mwaka 1992, na historia yake ni ya kutembea, si kukimbia. Kutoka mpaka wa Somalia ni kama kilomita 80, karibu nusu marathoni nne, na wakati wa ukame wa 2011 wengi walifika kwa miguu, baada ya siku nyingi za njia ng'ambo ya mpaka. Kwenye njia kama hiyo, mchanga huisugua ngozi iliyoloa jasho hadi tabaka la juu liachane na la chini, na maji yajae katikati: ndilo lengelenge. Baadhi ya wakimbiaji wa Kakuma, kambi nyingine ya wakimbizi, waliokwenda kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walianza kwa kuazimana viatu visivyowatosha, wakaumia. Ndiyo maana anayejiandaa kwa nusu marathoni, yaani kilomita 21, huhitaji kwanza kiatu kinachomkaa, soksi kavu na masafa yanayoongezwa polepole.