Hila ya kujifanya mfu: Kinga ya fukusi, kicheche na swila

FUKUSI wa mahindi anapoguswa hukunja miguu, hulala chali na kutulia kama mfu. Baada ya muda huinuka na kuendelea na safari yake.

Kwa wakulima wa Tlawi, wilayani Mbulu mkoani Manyara, wanaotegemea mahindi na maharage, hila hiyo ina gharama. Mdudu aliyepepetwa na kumwagwa kando ya ghala kwa kudhaniwa amekufa anaweza kurudi katika nafaka. Jike hutoboa punje na kutaga yai ndani yake, na katika joto la nyuzi 27 mdudu mpya hutoka baada ya wiki tano hivi.

Kujifanya mfu ni kinga ya mwisho ya wanyama wengi. Wawindaji kadhaa huvutwa na mwendo wa windo, hivyo windo lililotulia huweza kuachwa. Mara nyingi tendo hilo si la kufikiri, bali mwili huganda wenyewe baada ya kushtuliwa.

Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, aliyefariki dunia mwaka 1882, alichunguza aina 17 za wadudu na viumbe wa jamii ya karibu. Alibaini kuwa mkao wa kujifanya mfu mara nyingi haufanani na ule wa kifo halisi.

Mwaka 2004, Takahisa Miyatake wa Chuo Kikuu cha Okayama, Japan, na wenzake walionyesha kuwa tabia hiyo hurithiwa. Walifuga wadudu wekundu wa unga kwa vizazi kadhaa, na waliojifanya wafu kwa muda mrefu waliponea kwa buibui kuliko wale wa muda mfupi.

Miongoni mwa wanyama wakubwa, kicheche hutoa kwanza harufu kali, na asipofanikiwa huweza kujilaza kama mfu. Swila wa Msumbiji, apatikanaye kusini mashariki mwa Tanzania na kisiwani Pemba, naye hufanya hivyo. Kwa sababu hiyo, nyoka aonekanaye amekufa hapaswi kushikwa.

Hila hiyo hutumika pia kuwinda. Katika Ziwa Nyasa, samaki aitwaye kitaalamu Nimbochromis livingstonii hulala ubavu kama mzoga, kisha huwakamata samaki wadogo wanaosogea kumdonoa.

Kwa mwenye ghala, kinga ni kukausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13 hivi, kusafisha ghala kabla ya mavuno mapya na kutumia mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni. Wale waliopepetwa wachomwe moto au wapewe kuku, hata kama wametulia.