Thubutu! Filamu za Mawaidha na Kicheko cha Watazamaji

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja darasani hapa Dzaleka amevaa fulana nyeusi aliyoinunua katika soko la Tsoka, mjini Lilongwe, kwenye marundo ya nguo ambazo wenyeji huziita kaunjika nasi tunaziita mitumba. Kifuani palikuwa na herufi nne nyekundu: D.A.R.E. Akaniuliza, "Mwalimu, hii inasema nini?" Nikamweleza kwamba ni kifupi cha jina la mpango ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1983, ambamo askari polisi waliingia madarasani kuwafundisha watoto kuzikataa dawa za kulevya, na kwamba herufi hizo, zikisomwa pamoja, hufanya neno la Kiingereza lenye maana ya "thubutu". Darasa zima likaangua kicheko. Kwetu sisi "Thubutu!" ni jibu la dharau apewalo mtu anayejigamba kufanya asiloliweza.

Kicheko kile kilinikumbusha filamu moja ya vibonzo ambayo historia yake inatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Jumamosi asubuhi ya tarehe 21 Aprili 1990, mashirika manne makubwa ya televisheni ya Marekani, ambayo kwa kawaida hushindana, yalirusha kwa pamoja kipindi cha takriban nusu saa kiitwacho Cartoon All-Stars to the Rescue. Rais George H. W. Bush na mkewe Barbara walikitangulizia maneno yao. Gharama zililipwa na mfuko wa hisani wa watoto wa kampuni ya McDonald's. Ajabu yake kubwa ilikuwa wahusika: Bugs Bunny, paka Garfield, dubu Winnie the Pooh, Alf, Smurfs na mmoja wa wale kobe wapiganaji walikutana katika hadithi moja, ingawa kila mmoja alikuwa mali ya kampuni yake.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kijana Michael anavuta bangi, na anaiba kibubu cha dada yake mdogo, Corey, ili apate fedha. Vibonzo vilivyochorwa kwenye vitu vya chumbani vinapata uhai na kumwandama kwa nasaha na nyimbo. Upande wa pili yupo Moshi, pepo wa rangi ya mvuke anayemshawishi kijana aendelee. Mwishoni Moshi anatupwa nje, Michael anakubali kuzungumza na wazazi wake, na mambo yanatengemaa.

Watazamaji waliipokeaje? Watoto waliwashangilia wapenzi wao waliokutana mahali pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Lakini wengi waliokuwa watoto siku hiyo huizungumzia leo kama kichekesho, na wanayemkumbuka zaidi ni Moshi. Sishangai. Sauti yake ilitolewa na George C. Scott, mwigizaji mahiri aliyewahi kuikataa tuzo ya Oscar, na yeye peke yake ndiye anayezungumza kama mtu anayemjua kijana: anamsifu, anajua anachokitamani, anajua anachokiogopa. Wema wote wanazungumza kama tangazo.

Hapa Malawi hakuna aliyeiona siku hiyo, kwa sababu nchi haikuwa na televisheni. Matangazo ya kitaifa ya televisheni yalianza mwaka 1999. Hata hivyo, filamu ya mawaidha ilikuwa imekwisha kufika hapa zaidi ya nusu karne kabla.

Mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, waliweka kambi yao Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na chini ya uangalizi wa baraza la kimataifa la wamisionari, walitengeneza hadi mwaka 1937 filamu 35 kwa ajili ya watazamaji wa Kiafrika. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusema Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine mahali pengine. Gari lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mafunzo yalikuwa ya safura, malaria, kilimo na kodi. Filamu moja ililinganisha mfanyakazi anayefukia mshahara wake ardhini, ukaibwa, na mwenzake anayeuweka akiba posta. Nyingine, iliyoitwa Gumu, ilimhusu kijana wa shamba anayeponzwa na vishawishi vya mjini. Msomaji atatambua kwamba Gumu ni ndugu mkubwa wa Michael.

Kiunzi hicho kiliendelea kutumika. Kitengo cha Filamu cha Afrika ya Kati, kilichoanzishwa mwaka 1948 kuzihudumia Rhodesia mbili na Nyasaland, kilitoa filamu kama The Two Farmers, ya mkulima mwenye busara na mkulima mpumbavu. Watengenezaji wenyewe waliuita mtindo huo kwa jina la "Bwana Busara na Bwana Mpumbavu". Sasa fikiria ni nani aliyeketi mbele ya kitambaa cheupe huku Nyasaland. Katika miaka hiyo hiyo serikali ililazimisha kanuni za matuta na hifadhi ya udongo, ambazo watu walizichukia na kuziita malimidwe, na aliyezivunja alitozwa faini au kufungwa. Filamu ilimwambia mkulima kwamba kilimo bora ni hiari ya mwenye akili. Yeye alikuwa anaujua mkono wa bwana shamba. Mwaka 1959 chuki dhidi ya kanuni hizo, ikichanganyika na upinzani dhidi ya Shirikisho, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifikisha nchi kwenye hali ya hatari. Mtu aliyetozwa faini juzi hawezi kuitazama picha ya matuta kama mtu anayepewa ushauri na rafiki.

Maafisa wa kikoloni walikuwa na simulizi wakiipenda sana. Wanakijiji, walisema, walionyeshwa mbu aliyekuzwa hadi akaenea kitambaa kizima, wakajibu kwamba hawana hofu, kwa kuwa kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Simulizi hiyo ilisafiri katika makoloni mengi kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui kusoma picha, na wanahistoria wa sinema wameitilia shaka. Mimi huwa najiuliza swali jingine. Tuseme maneno hayo yalisemwa kweli: kwa nini haikumjia afisa hata mmoja kwamba mzee yule alikuwa anamtania? Sisi tuliolelewa kwa mafumbo tunaujua utani huo. Mgeni akikuhutubia jioni nzima juu ya mbu ambaye umelala naye maisha yako yote, nawe huwezi kumfukuza, unamjibu namna hiyo.

Watazamaji walipopewa nafasi ya kuchagua, walionyesha wanachokitaka. Mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti Luanshya, kwenye migodi ya shaba, mwaka 1953 na 1954, aliyaandika yaliyotokea uwanjani siku za sinema. Watu wengi kutoka Nyasaland walikuwa wamehamia katika miji hiyo ya migodi kutafuta kazi. Kwanza zilikuja picha za habari, kisha kibonzo, ambacho watazamaji walikiita kadoli, na mwisho filamu ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Hapo ndipo watu waliposimama, wakapiga kelele na kumwonya shujaa, waliyemwita Jeki, kwamba adui yuko nyuma yake. Watoto walivaa kama Jeki na kucheza michezo yake. Wakubwa walilalamika kwamba filamu hizo zinafundisha uhuni, lakini sijasoma popote kwamba mtoto aliwahi kucheza mchezo wa Bwana Busara.

Ipo hata hivyo filamu moja ya mawaidha ambayo Waswahili waliipokea vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu mhusika mkuu, mtu wa shamba anayeingia mjini, aliigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, kijana mtumishi wa ustawi wa jamii. Funzo lilikuwa lile lile la Gumu, yaani mji una hatari, ila safari hii aliyeanguka alikuwa mtu wa kuchekesha na kupendwa, mwenye sura ya mjomba wa mtu. Kawawa aliingia baadaye katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mkulima "mshamba" wa filamu ya wakoloni ndiye aliyekuja kushika ofisi yao.

Turudi kwenye bangi. Marekani haikuishia kwenye vibonzo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba mafunzo ya D.A.R.E. yalipunguza matumizi ya dawa za kulevya kwa kiasi kidogo mno. Kampeni ya kitaifa ya matangazo kwa vijana ilipimwa kati ya mwaka 1999 na 2004, na ripoti ya watafiti iliyochapishwa mwaka 2008 ilisema haikuonekana kuwazuia vijana kuvuta bangi. Kulikuwa hata na dalili kwamba baadhi yao walielekea zaidi kuijaribu. Watafiti walieleza kwamba huenda wingi wa matangazo uliwafundisha vijana jambo lisilokusudiwa, kwamba wenzao wengi wanavuta.

Ni makosa lakini kudhani kwamba burudani haiwezi kufundisha. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju, dereva wa lori, ana mke aitwaye Tunu na wapenzi njia nzima. Hakuna aliyemtolea hotuba akabadilika ndani ya nusu saa. Wasikilizaji waliishi naye mara mbili kwa wiki kwa miaka. Wakamcheka, wakamtukana, wakaona Tunu anavyoanza biashara ndogo na kujitegemea, wakamsikia Mkwaju akiugua. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, hivyo watafiti waliweza kulinganisha, na waliona kwamba uliongeza matumizi ya uzazi wa mpango mahali uliposikika. Mkwaju, kama Moshi, ndiye aliyekumbukwa, ila yeye alikuwa binadamu, na kila msikilizaji alimjua Mkwaju wa mtaani kwake.

Vijana wangu wanajua nini? Wanajua kwamba bangi, ambayo hapa huitwa chamba, inauzwa. Kwamba Februari 2020 Bunge la Malawi lilipitisha sheria inayoruhusu kilimo chake kwa ajili ya dawa na viwanda, huku kuivuta kwa starehe kukibaki kosa. Kwamba mkimbizi hawezi kufanya kazi nje ya kambi kama apendavyo, na kwamba mwaka 2023 waliokuwa wakiishi mijini waliamriwa kurejea hapa. Kijana asiye na la kufanya kuanzia asubuhi hadi jioni hasemi "hapana" kwa kuwa kobe amemwimbia. Wala jina la mahali petu si geni kwa mawaidha. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwafungia wapinzani, na inasemekana kwamba jina hilo, lenye asili ya Kichichewa, ni la mtu anayeahidi kwamba ataacha, hatarudia tena.

Baada ya somo lile niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika hadithi ya kijana anayevuta chamba. Mwenye fulana akanyoosha mkono, akauliza kama ni lazima kijana huyo aache mwishoni ndipo apate alama. Nikamwambia si lazima, mradi hadithi iseme ni nani anayemsubiri nyumbani. Wameomba wiki mbili zaidi.