Oktoba Kabla ya Mtihani, Ikutha

Mvua inayotegemewa Ukambani ni ya Novemba. Kwa hiyo Oktoba, hapa Ikutha, mito ya msimu imeshakauka, ghala zimebaki na vumbi, na kisima cha mchanga huchimbwa hadi aliye ndani haonekani. Huo ndio msimu ambao watoto wetu wa darasa la mwisho, mwaka baada ya mwaka, wamejiandaa kupimwa pamoja na watoto wa Kenya nzima. Nilifundisha shule za msingi za upande huu tangu 1983 hadi nilipostaafu, na sikumsikia hata afisa mmoja akiitaja Oktoba alipokuwa akitusomea matokeo.

Kusoma hakukuchelewa kufika kwetu. Walutheri wa Kijerumani wa misheni ya Leipzig walikuwa na kituo Ikutha tangu miaka ya 1890, kabla reli haijafika Nairobi. Wamisionari wao, Hofmann na Brutzer, waliandika juu ya ndoa, mazishi na imani za Wakamba. Njaa kuu ya 1898 na 1899, tuliyoiita Ngomanisye, iliwakuta hapa hapa. Vita vya 1914 vikawaondoa Wajerumani, na kazi ikachukuliwa na misheni ya Africa Inland (AIM). Elimu ya siku hizo ilikuwa ya Biblia, hesabu kidogo na kazi za mikono.

Mchujo ulikuja na serikali ya kikoloni. Baada ya ripoti ya Beecher ya 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne kisha akafanya mtihani wa kuingia darasa la tano. Akipita, alisoma minne mingine, halafu akafanya mtihani mwingine, KAPE. Baba yangu alikomea kwenye ule wa kwanza. Aliweka vitabu vya duka la mtu mwingine maisha yake yote bila kukosea senti, na bado alijiita mtu aliyeanguka. Mtihani wa siku moja ulimpa jina, naye akalibeba hadi kaburini.

Mimi nilifanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 1976, darasa la saba. Kulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla, na majibu yote yalikuwa ya kuchagua. Kiswahili hakikuwemo kabisa. Tulikariri majina ya miji ambayo hatungeiona, na yule aliyejua kutibu mbuzi au kupima unyevu wa udongo kwa vidole hakupata alama hata moja kwa hilo.

Miaka hiyo hiyo, lakini, mtafiti Tony Somerset alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya mitihani Nairobi, na ninamheshimu sana. Yeye na wenzake walichambua majibu ya watahiniwa, swali kwa swali. Wakaanza kutunga maswali ya kufikiri, na ya mambo ambayo mtoto wa kijijini huyaona kwa macho yake. Baada ya kila mtihani shule zilitumiwa jarida la kueleza watoto walikosea wapi na kwa nini. Mwalimu akilisoma alijua afundishe nini kesho. Hadi leo sijaona msaada mkubwa kuliko huo kutoka kwa watahini.

Pamoja na jarida ilikuja orodha ya kupanga wilaya na shule kwa alama. Jarida lilisahaulika, orodha ikabaki.

KCPE, mtihani uliochukua nafasi ya CPE, ilianza 1985, pamoja na mfumo wa 8-4-4 wenye miaka minane ya shule ya msingi. Darasa la nane lilipaswa kuwa tayari Januari, na wazazi ndio walioambiwa wajenge. Hao walikuwa wametoka tu katika njaa ya 1984, ile ya Nikwa Ngwete, ambapo mtu alikufa na pesa mkononi kwa kukosa cha kununua. Waliuza kuku, wakachoma matofali, akina mama wakabeba maji ya kuyafinyangia. Masomo yakawa saba, alama 700. Baadaye yakapunguzwa hadi matano, alama 500. Kiswahili kilitahiniwa, na watoto wetu wakakipenda.

Ndipo wastani wa alama ukatawala. Baraza la wazazi lilikuwa na swali moja tu: shule imekuwa ya ngapi? Nilifundisha shule moja ambako watoto wa darasa la saba waliokuwa wazito masomoni walirudishwa ili wasiushushe wastani, na wengine wakaandikishwa kufanyia mtihani kwingine. Msichana mmoja alirudia darasa la saba mara mbili, mara ya tatu hakuja. Shule ilipanda kwenye orodha mwaka huo. Tulichinja mbuzi.

Wastani huhesabu waliokaa kwenye dawati siku ya mtihani, basi. Ada zilipofutwa mwaka 2003 madarasa yalifurika, wastani ukayumba, na watu wakasema elimu imeharibika. Mimi naona ule ndio mwaka ambao shule zetu zilifanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu watoto waliokuwa machungani waliingia. Serikali ilitangaza mwishoni mwa 2014 kwamba haitapanga shule tena. Tuliendelea kujipanga wenyewe kwa simu.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa, kwa alama ya mwisho ya mtoto, tunahesabu mtihani wa KPSEA wa gredi ya 6 asilimia 20, kazi za shuleni asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa gredi ya 9, uliofanywa mara ya kwanza 2025, asilimia 60. Tayari nasikia watu wakiulizana wastani.

Kwa walimu wakuu wa Ikutha, Kanziko, Kasaala na Athi nina ombi. Mnapobandika matokeo ukutani, bandikeni kando yake rejista ya darasa la kwanza ya watoto wale wale. Mzazi ahesabu majina yaliyopotea katikati, na baraza lianzie hapo.