Chen Kenichi, aliyebaki jikoni

Leo tuongelee upishi. Si wa kwangu, maana mimi jikoni naishia kwenye chai na mayai.

Mwaka 1993 televisheni ya Fuji ya Japani ilianzisha shindano la upishi, Ryori no Tetsujin, ambalo Wamarekani walikuja kulijua kama Iron Chef. Mpishi mgeni anamkabili mmoja wa mabingwa wa kipindi. Kinafunuliwa chakula cha siku, mfano pweza au bilinganya, kisha wana dakika 60 tu. Majaji wanaonja, wanaamua.

Bingwa wa mapishi ya Kichina alikuwa Chen Kenichi. Huyu hakuanzia sifuri. Baba yake, Chen Kenmin, mzaliwa wa Sichuan, alihamia Japani mwaka 1952, na mwaka 1958 akafungua mgahawa wa Shisen Hanten jijini Tokyo. Ndiye aliyewazoesha Wajapani tofu ya mapo, ile ya nyama ya kusaga na pilipili, akiipunguza ukali ili walaji wasikimbie. Mzee alifariki mwaka 1990. Miaka mitatu baadaye, mtoto yuko mbele ya kamera na jina la baba mgongoni. Fikiria mzigo huo!

Chen alipambana zaidi ya mara 90. Alishinda nyingi, lakini zaidi ya mara 20 alishindwa, nchi nzima ikitazama. Wenzake alioanza nao, Ishinabe na Michiba, waliondoka njiani. Kipindi kilipofungwa mwaka 1999, katika mabingwa wa mwanzo alikuwa amebaki yeye peke yake.

Hapo ndipo ninapojifunza. Sisi waandishi tunampenda asiyeshindwa. Akianguka mara moja tunamwandikia taazia ya kazi yake. Chen alijijengea heshima kwa njia nyingine: leo anashindwa, siku nyingine amerudi kwenye karai lake. Jina la baba lilimfungulia mlango, lakini halikuweza kumpikia.

Alifariki Machi 2023 akiwa na miaka 67. Mwanawe, Kentaro, naye ni mpishi, na mwaka 2016 tawi lao la Singapore lilipata nyota mbili za Michelin. Kizazi cha tatu hicho, na mzigo umeshahamia mgongo mwingine.

Mnaonaje wadau, jina la mzazi ni mtaji au ni deni?