Umaarufu na Ubora katika Taarab: Historia ya Lalamiko Moja, 1905–2019

Ikisiri

Kwa zaidi ya karne moja, kila taarab ilipopata hadhira mpya palizuka malalamiko kwamba umaarufu umeishusha. Makala haya yanafuatilia malalamiko hayo Unguja, Tanga na Dar es Salaam, kuanzia kuundwa kwa Ikhwani Safaa mwaka 1905 hadi misukosuko ya fedha iliyokikumba chuo cha muziki cha Zanzibar mwaka 2019. Yanaonyesha kwamba neno "kushuka" limebeba maana tofauti katika kila kipindi: mara nasaba ya mwimbaji, mara ala, mara lugha. Hoja kuu ni kwamba kilichopungua kwa hakika ni wapigaji ala waliofunzwa, na kwamba sababu yake si ladha ya hadhira bali kudhoofika kwa mfumo uliowalea. Tofauti hiyo ina athari kwa sera za utamaduni katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu taarab "asilia" na taarab "ya kisasa" umekuwa kama ada katika mabaraza ya wapenzi wa muziki huu. Upande mmoja unashikilia kwamba taarab ilikuwa sanaa ya wachache wenye sikio, ikaharibika ilipoanza kuwafurahisha wengi. Upande wa pili unajibu kwamba sanaa isiyopendwa na watu ni maiti iliyovikwa nguo nzuri. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba umaarufu na ubora ni sahani mbili za mizani, moja ikipanda nyingine sharti ishuke.

Suala hili si la pwani peke yake. Nchi za Afrika Mashariki zinatunga sera za urithi na za tasnia ya ubunifu, na washauri wa sera hizo wanapaswa kuamua kipi kilindwe, kipi kiachwe kijitegemee. Ikiwa chanzo cha udhaifu wa sanaa ni ladha ya umma, dawa yake itatafutwa katika udhibiti. Ikiwa chanzo ni namna wasanii wanavyofunzwa na kulipwa, dawa ni nyingine kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza dawa, ni vema historia ya ugonjwa ikachunguzwa.

2.0 Kutoka kasri hadi Ng'ambo

Simulizi iliyozoeleka Unguja inaihusisha taarab na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kuvutiwa kwake na muziki wa Misri. Inasimuliwa kwamba Mohamed bin Ibrahim alipelekwa Cairo kujifunza kupiga kanuni, kisha akarejea kuwafunza wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kimeendelea hadi karne ya 21. Katika awamu hiyo taarab iliimbwa kwa Kiarabu, ikasikilizwa na watu wa kasri na wa tabaka la juu la Mji Mkongwe.

Hadhira ilipanuka kwa kiasi kisicho na mfano kupitia Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika familia ya watu wa kawaida. Siti alihamia mjini, akajifunza uimbaji, akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi sahani za santuri kwa ajili ya HMV, na sahani hizo zikauzwa kote katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi nyimbo hizo zilivyobeba habari za watu wa Ng'ambo: mahakama zisizotenda haki, makarani wezi, wanawake waliodhulumiwa. Wimbo "Kijiti", unaohusu mauaji ya mwanamke na hukumu iliyowaangukia mashahidi badala ya mhalifu, ni mfano unaotajwa mara nyingi.

Siti alikejeliwa, na kejeli hiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Waliombeza walimkumbusha alikotoka na mavazi aliyoingia nayo mjini. Sauti yake hawakuikosoa. Lawama ya kwanza dhidi ya taarab ya wengi, basi, ilikuwa lawama ya nasaba iliyovikwa joho la sanaa. Tena, jambo ambalo watetezi wa taarab asilia hulithamini kuliko yote, yaani ushairi wa Kiswahili wenye vina, mizani na mafumbo, lilipata nguvu katika muziki huu kwa sababu hadhira ilipanuka. Lau taarab ingebaki kasrini, huenda isingekuwapo taarab ya Kiswahili ya kuombolezwa.

3.0 Okestra, redio na umeme

Baada ya Vita Kuu ya Pili, filamu na redio za Misri zilileta Unguja mfano wa okestra kubwa. Fidla ziliongezeka zikapangwa safu, akodioni, selo na besi zikaingia, na bashrafu zikapigwa na wanamuziki wengi kwa pamoja. Sauti ya Unguja, iliyoanza matangazo mwaka 1951, iliufikisha muziki huo katika nyumba zisizowahi kualikwa kwenye hafla za vilabu. Culture Musical Club, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1958, ilikua katika mkondo huo. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 vilabu vilipangwa upya chini ya chama tawala na serikali.

Hii ndiyo sauti ambayo leo huitwa "asilia". Hata hivyo, mpenzi wa taarab wa mwaka 1910 asingeitambua akodioni wala selo kuwa sehemu ya muziki wake. Neno "asilia" halitaji mwanzo wa taarab. Linataja kipindi kimoja cha kati, ambacho wapenzi waliokulia ndani yake wamekifanya kuwa kipimo cha vipindi vingine vyote.

Katika miaka ya 1960 na 1970, vilabu vya Tanga, hasa Black Star na Lucky Star, vilichukua njia nyingine. Viliingiza magitaa ya umeme, besi na vinanda, na midundo yake ikakaribia ile ya muziki wa dansi. Sauti ya Shakila Said ilisikika mbali kupitia redio. Kwa sikio lililozoea okestra ya Unguja, hiyo ilikuwa taarab iliyopunguziwa uzito. Safari hii lawama haikuwa ya nasaba bali ya ala. Baada ya miongo miwili, nyimbo zilezile za Tanga zilihesabiwa miongoni mwa "za zamani" na kusifiwa kwa utulivu wake.

4.0 Ushindani wa miaka ya 1990

Mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 na kurejeshwa kwa vyama vingi mwaka 1992 kulibadili mazingira ya burudani Tanzania Bara. Tanzania One Theatre (TOT), kikundi cha Chama cha Mapinduzi kilichoongozwa na John Komba, kilishindana na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga. Ushindani huo ulipata sura za watu wawili: Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano. Nyimbo zao za kujibizana, zilizojulikana kama mipasho, zilijaza kumbi za Dar es Salaam. Wakati huohuo East African Melody iliipa nguvu taarab ya vinanda vya umeme iliyoitwa rusha roho, na katikati ya miaka ya 2000 Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yusuf ikaendeleza mkondo huo kwa hadhira ya vijana.

Lawama ya kipindi hiki ilikuwa ya lugha: kwamba fumbo limevuliwa nguo, kwamba kinachoimbwa ni matusi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, kwani mishororo mingi ya mipasho inasema wazi kile ambacho mtunzi wa zamani angekificha ndani ya ua au ndege. Lakini kujibizana kwenyewe hakukuzaliwa miaka ya 1990. Vikundi vya taarab vya wanawake vya Unguja vya katikati ya karne, kama Royal Navy na Sahib el-Arry, vilishindana kwa mavazi na kwa maneno makali. Kilichokuwa kipya ni kwamba mashindano yaliyofanyika mbele ya watu waliojuana sasa yalifanyika mbele ya umma uliolipa kiingilio na kununua kanda. Fumbo huhitaji msikilizaji anayemjua anayefumbiwa. Mbele ya wageni elfu moja, mtunzi hulazimika kulifumbua au kutunga lingine linaloeleweka na wote.

Isisahaulike pia kwamba Khadija Kopa alitokea Culture Musical Club kabla ya kujiunga na TOT. Uwezo wa sauti ulioibeba taarab ya kisasa ulilelewa katika nyumba ya zamani. Jambo hilo linaelekeza kwenye swali lililo muhimu zaidi kuliko lile la ladha: nyumba hiyo ililea nani mwingine, na ni nani anayelea sasa?

5.0 Nini hasa kilipungua?

Ubora wa taarab si kitu kimoja. Una sehemu angalau tatu: ushairi, sauti na upigaji ala. Zikitenganishwa, picha inabadilika. Ushairi ulibadili adabu yake, nao unaweza kupendwa au kuchukiwa. Sauti kubwa hazikukosekana. Upigaji ala ndio uliopungua kwa namna inayoweza kuhesabika kwa macho jukwaani: mahali palipokuwa na safu ya fidla, kanuni, udi, nai, akodioni na selo, pakabaki vinanda viwili na gitaa. Mkong'osio, ambao zamani ulizipa ala nafasi ya kuzungumza baina ya beti, ukawa kituo kifupi cha kumngoja mwimbaji.

Sababu inaonekana katika njia za malipo. Vilabu vya Unguja vilikuwa vyama vya wanachama wenye kazi nyingine. Kijana alijifunza ala kwa miaka mingi kando ya mkubwa wake bila kudaiwa ada, na baada ya 1964 serikali ilibeba sehemu ya gharama. Kikundi cha biashara hakina miaka ya kumngoja mpiga kanuni akomae. Tena, desturi ya kutunza humfikishia mwimbaji fedha mkononi papo hapo kwa neno lililomgusa mtoaji, wala haimfikii mpiga fidla aliyekaa nyuma. Kanda ziliporudufiwa ovyo, hata mapato ya kurekodi yalimkwepa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ilitungwa mwaka 1999, na ya Zanzibar mwaka 2003, wakati okestra nyingi zilikuwa zimekwisha kudhoofika. Kinanda hakikushinda kwa sababu umma uliichukia fidla. Kilishinda kwa sababu mshahara wa mtu mmoja ni mdogo kuliko wa kumi.

Mfano wa mbali unathibitisha mantiki hii. Mashabiki wa anime, yaani filamu za katuni za Japani, nao hubishana kama umaarufu wa kimataifa umeshusha ubora. Lakini mazoea ya kutumia michoro michache kwa kila sekunde yalijikita mapema, Tezuka Osamu alipoanzisha mfululizo wa kila wiki wa Tetsuwan Atomu kwenye televisheni mwaka 1963 na kuuuza kwa bei iliyo chini ya gharama. Miyazaki Hayao alikuwa miongoni mwa waliomlaumu kwa uamuzi huo. Filamu ya Miyazaki mwenyewe, Sen to Chihiro no Kamikakushi ya mwaka 2001, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003 na kuongoza kwa mapato katika sinema za Japani hadi mwaka 2020. Umaarufu na ubora vilikaa pamoja pale kazi ilipopewa muda na fedha. Vilitengana pale bei ilipokatwa.

6.0 Hitimisho

Historia ya taarab haithibitishi kwamba hadhira pana huua sanaa. Hadhira pana ndiyo iliyoipa taarab Kiswahili chake. Wala haithibitishi kwamba malalamiko ya wazee ni wivu mtupu, kwani kuna kitu kilichopotea, nacho kina jina: mpiga ala aliyefunzwa. Malalamiko yalikosea mahali pa kuelekeza kidole.

Sera zilizojengwa juu ya kosa hilo hulinda sura na kusahau mzizi. Okestra za Unguja zilipata heshima ng'ambo, hasa kupitia matamasha na mfululizo wa rekodi wa Zanzibara ulioanza mwaka 2005, lakini heshima ya nje haifunzi vijana wa ndani. Kazi hiyo ilichukuliwa na chuo cha muziki kilichofunguliwa Forodhani mwaka 2002, Dhow Countries Music Academy, ambacho mwaka 2019 kililazimika kutangaza kwamba kingeweza kufungwa kwa kukosa fedha. Tangazo hilo lilisema mengi kuhusu afya ya taarab kuliko miongo mitatu ya mabishano juu ya mipasho.

Somo hili linavuka mipaka ya pwani. Nchini Rwanda, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017; wilaya ya Rubavu, ambamo Kanama imo, inapakana na Goma, na rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2021. Mahali kama hapo, ambapo lugha na muziki huvuka mpaka pamoja, mshauri wa sera atakutana na lalamiko lilelile kwamba nyimbo za sasa zimeshuka. Kabla ya kulikubali au kulikataa, inafaa aulize maswali matatu: ni sehemu gani ya sanaa iliyopungua, nani alikuwa akimlipa aliyeibeba, na malipo hayo yalikatika lini. Majibu yake yataelekeza fedha za umma kwenye walimu, ala na ukusanyaji wa mirabaha unaomfikia pia yule aliyekaa nyuma ya mwimbaji.