Vipokezi vya glutamati katika gamba la kuona

Vipokezi vya glutamati ni protini za utando wa seli za neva zinazonasa glutamati, kemikali kuu ya kusisimua ubongoni. Katika gamba la kuona, upande wa kisogoni, kila niuroni hubeba aina kadhaa za vipokezi hivi, na mwitikio wake kwa taswira hutokana na jinsi vinavyotegemeana.

Vipokezi vya AMPA hutangulia. Hufunguka kwa milisekunde chache tu, sodiamu ikaingia na volteji ya seli ikapanda. Vya NMDA havipitishi kitu kwa glutamati peke yake, kwa kuwa tundu lake limezibwa na ayoni ya magnesiamu. Kizibo hicho hutoka pale AMPA vinapokwisha kupandisha volteji. Kwa hiyo taswira iliyofifia huvigusa kidogo, na iliyokolea huongezewa nguvu. Vipokezi vya kimetabotropiki havina tundu: hutuma ishara ndani ya seli, vingine vikizidisha mwitikio, vingine vikipunguza glutamati inayoachiliwa.

Vipo pia vya kainati, vilivyopewa jina la asidi iliyopatikana Japani mwaka 1953 katika Digenea simplex, mwani mwekundu uliokuwa dawa ya minyoo.  

Kazi nzito ya NMDA ni ya utotoni. Hubel na Wiesel, washindi wa Nobel ya 1981, walionyesha kuwa jicho la mtoto wa paka likifumbwa katika majuma ya mwanzo, niuroni nyingi za gamba huacha kuliitikia hata likifumbuliwa. Mwaka 1987 Kleinschmidt, Bear na Singer walizuia NMDA kwa dawa, na badiliko hilo likavurugika.

Ndiyo sababu mtoto mchanga mwenye weupe kwenye mboni, ambao huweza kuwa mtoto wa jicho anayezuia taswira kama jicho lililofumbwa, asiambiwe asubiri akue. Mtoto wa jicho aliye mzito hulengwa kupasuliwa kabla ya wiki ya 6 hivi akiwa katika jicho moja, na kabla ya wiki ya 8 hivi akiwa katika yote mawili.