Besi la Detroit na noti zilizopotea njia

Leo wodi naiweka kando, nataka kuwaletea habari za gitaa la besi na za mtu mmoja wa hapa Detroit.

Zamani besi lilikuwa lile dude kubwa la mbao la kupigwa umesimama. Shingo yake haina vyuma, kwa hiyo kidole kikisogea kidogo tu sauti inapinda. Mwaka 1951 Leo Fender wa California akatoa besi la umeme lenye vyuma vinavyokatiza shingo, akaliita Precision, yaani usahihi. Mimi naona usahihi huo ulikuja na kero yake: sasa ukikosea, unakosea kwa sauti safi kabisa, na spika inakutangaza!

James Jamerson alianzia kwenye lile dude la mbao, kisha akahamia hilo la Fender. Kuanzia mwaka 1959 alipiga Motown, kampuni ya Berry Gordy, ndani ya nyumba ya kawaida tu pale West Grand Boulevard namba 2648. Siku hizi ni makumbusho. Ukiingia studio unashangaa, chumba kidogo mno! Miaka ya mwanzo mashine zao zilikuwa na njia chache za kurekodia, wanamuziki wanapiga pamoja, na mmoja akiharibu kweli kweli wote wanarudia.

Jamerson alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada, wenzake wakakiita Ndoano. Lakini utamu wenyewe uko kwenye noti alizochagua. Wapiga besi wengi walikaa kwenye noti ya msingi ya kodi, wakiogopa kuchafua. Yeye alipita kwenye noti za pembeni, zile ambazo ukizisimamisha peke yake utasema huyu kakosea, kisha anatua penye noti sahihi kwa wakati wake. Sikilizeni Bernadette ya Four Tops, ya mwaka 1967. Besi linatangatanga, ila halipotei.

Hapa mdogo wangu sogea karibu. Umeniandikia kwamba umeacha besi la kwaya kwa sababu ulipiga noti isiyo yake na mwalimu akakugeuzia macho mbele ya watu. Jamani, kwa noti moja? Chukua do re mi yako. Noti yoyote iliyo nje ya ngazi hiyo iko nusu toni tu kutoka kwenye noti iliyo ndani, yaani chuma kimoja mbele au nyuma. Basi ukiangukia pabaya, usikate sauti, usimwangalie mwalimu. Sogeza kidole chuma kimoja, utue. Msikilizaji atadhani ulikuwa njiani.

Ila mapigo usiyaache! Noti mbaya iliyokuja kwa wakati inapita. Noti nzuri iliyochelewa inaangusha ngoma, waimbaji, na makofi ya waumini. Kazini kwetu ni hivyo hivyo: moyo wa mgonjwa ukiruka pigo moja kwenye kioo, tunatazama kwanza kama mdundo umerudi.

Herbie Hancock, mpiga piano, husimulia kwamba miaka ya 1960 huko Stuttgart, Ujerumani, alipiga kodi mbovu katikati ya onyesho. Miles Davis akanyamaza kidogo, kisha akapuliza noti zilizoifanya ile kodi ionekane imekusudiwa. Kwa hiyo mwenzako pia anaweza kukuokoa, kama ana moyo huo. Wapo wasio nao, tunawajua.

Tena msidhani Jamerson alisifiwa wakati ule. Majina ya wapigaji hayakuandikwa kwenye majalada ya Motown. Lake lilitokea mwaka 1971 kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Naye akaenda huko, lakini kazi zikapungua, pombe ikamzidi. Motown iliposherehekea miaka 25, mwaka 1983, mtu aliyepiga besi kwenye nyimbo zile alijinunulia tiketi akakaa juu na watazamaji. Agosti mwaka huo huo akafariki. Jumba la heshima la wanamuziki wa roki lilimwingiza mwaka 2000.

Nalala sasa, usiku nina zamu. Msalimieni bibi.